Nyoka wa Njuga Aliyenitoa Mbio Mbele ya Wakwe

Ndugu zangu, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka ninyi, maana huko Louisville bado wanaisimulia, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilitimua mbio nikikimbia nyoka ambaye hakuwa hata na habari na mimi.

Ilikuwa kiangazi cha 2015, huku ughaibuni. Nilitoka kwangu Whitehall, pale Columbus, na suti ya kuazima, nikaenda Louisville kuonwa na wazazi wa Furaha, binti niliyetaka kumwoa, Wakongo wa Uvira, watu wa heshima zao, na baba yake akasema posa haijibiwi mpaka kijana aonekane anavyokula na anavyoongea, basi tukaenda wote pikiniki ya kanisa lao, huko kwenye vilima vya msitu nje ya mji. Mlangoni pana kibao chenye picha ya nyoka wa njuga: tazama unapokanyaga, usiingize mkono chini ya mawe wala magogo, ukimsikia akitikisa mkia rudi nyuma polepole, umwache. Mwenye akili angesoma akanyamaza. Mimi nikacheka.

"Baba, nyoka gani huyu anayebisha hodi kabla ya kuuma? Kambini kwetu Kigoma nyoka hawakuwa na adabu hiyo, na niliwamaliza kwa fimbo!"

(Uongo mtupu. Kambini, huko ukimbizini, nyoka akiingia ndani, aliyeshika fimbo ni bibi yangu. Mimi nilikuwa juu ya kitanda, naelekeza.)

Nyama haijaiva, watoto wakaja mbio: mpira umeingia kwenye magogo, na kuna nyoka kajikunja pale pale. Watu wote wakanigeukia mimi, bingwa wa Kigoma. Furaha akanivuta mkono wa koti, akaninong'oneza, "Acha, itaenda yenyewe." Lakini baba mkwe ananitazama, sasa nitaachaje? Nikakata fimbo, nikaenda kifua mbele.

Nyoka alikuwa mnene kama mkono wangu. Nikainua fimbo, akatikisa mkia, na ile sauti, jamani! Fimbo nikaitupa, nikageuka, nikakimbia, na njuga nikazisikia nyuma yangu, chaka-chaka, nikiongeza mwendo nazo zinaongeza! "Anakuja! Ananifuata!" Nikapanda meza ya chakula na viatu vyangu, nikakanyaga sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, nikateleza, nikamwangukia mama mkwe na kumkumbatia shingo. Mama mkwe, ambaye asubuhi nzima nilimsalimia kwa mbali nimeinamisha macho, maana kwa mila zao mkwe haguswi hata mkono!

Mama akahisi kitu kinamchoma mbavuni, akaingiza vidole kwenye mfuko wa koti langu, akatoa kikopo cha peremende (nilikinunua njiani ili kinywa kinukie vizuri mbele ya wakubwa). Akakitikisa. Chaka-chaka. Nyoka bado yuko kwenye magogo yake, ametulia.

"Bon," baba mkwe akasema, akipangusa sombe kwenye shati. "Kibao kilikuambia. Furaha akakuambia. Nyoka yenyewe ikakuambia. Weye unasikiaka nani?"

Akamgeukia binti yake. "Donc, Furaha, ungali unamutaka huyu?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko pale kwenye magogo, maana nilimpenda, na nilikuwa nimesimama mbele yake na majani ya sombe kwenye nyusi.

"Papa, miye nilijua tangu zamani kama anaogopaka," akasema. "Nilikuwa nangoja yeye mwenyewe ajue."

Walinitoza mbuzi na kitenge cha kumwomba mama radhi, na harusi ikafungwa. Tangu siku hiyo nikiona nyoka, hata awe wa kwenye televisheni, narudi nyuma polepole, mikono mitupu, na mtu akiniuliza kama naogopa simchelewishi: sana, ndugu yangu, sana.