Ngitili Kwenye Njia ya Mawimbi

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kusoma mshale wa mita. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Kampuni moja ya kutafuta dhahabu ilikuwa imepanga nyumba pale Masumbwe ikaifanya ofisi, na mashine zake za kuchoronga miamba zilikuwa kambini, kilomita tisa hivi kuelekea magharibi. Kompyuta za kambini zilitakiwa kuwasiliana na za ofisini bila waya. Tukasimika milingoti miwili ya mabomba ya chuma, mmoja huku na mwingine kule, kila mmoja na antena juu na redio chini. Kwenye redio kulikuwa na tundu dogo la kuchomeka mita. Mawimbi yakifika na nguvu, volti zinapanda, yakififia, zinashuka. Hiyo ndiyo sayansi yote niliyokuwa nayo, mengine nilikuwa najidai tu.

Tulifunga mitambo mwezi wa nane, nchi ikiwa imekauka. Mwenzangu wa kambini aligeuza antena yake kidogo kidogo, mimi nikamwelekeza kwa simu ya upepo: kushoto, rudi, hapo hapo. Mshale ukasimama kwenye mbili nukta nne. Tangu siku hiyo nikawa nasoma mita mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, na kuandika kwenye daftari lenye jalada gumu. Meneja, mgeni ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, alilipenda daftari lile. Nilikuwa na mwandiko mzuri na niliujua uzuri wake.

Katikati ya njia ya mawimbi, kwenye mwinuko, palikuwa na ngitili. Kwa asiyeijua, ni eneo ambalo familia ya Kisukuma inalifunga mvua zikianza, ng'ombe hawaingii, nyasi na miti vinaachwa vikue, kisha linafunguliwa kiangazi kikikomaa na malisho mengine yakiwa yamekwisha. Hii ilikuwa ya mama mmoja mjane. Mumewe ndiye aliyeizungushia uzio wa miiba, akaja kufa miaka michache baadaye. Alimwachia ngitili hiyo na ng'ombe tisa, na hao tisa waliishi kwa ngitili hiyo kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua irudi. Hakuwa na akiba nyingine ya malisho. Kila mtu pale alilijua hilo, na mimi nililijua kabla sijapanda mlingoti wangu.

Mvua zilipokolea, mshale ulianza kushuka. Mbili kamili, moja nukta saba, na asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, moja nukta moja. Kompyuta zikawa zinakatika katikati ya kazi. Meneja akaja akasimama nyuma yangu, akataka kujua tatizo ni nini, tena siku hiyo hiyo.

Nilipanda juu ya tangi la maji na darubini. Ule mwinuko uliokuwa na vijiti vitupu mwezi wa nane sasa ulikuwa kijani tupu. Niliona raha, nisiseme uongo. Tatizo lilikuwa linaonekana kwa macho, lilikuwa mbali nami, na halikunitaka nikwee mlingoti wenye utelezi, jambo nililokuwa naliogopa kuliko nilivyokubali mbele za watu. Nikaandika kwenye ripoti: kizuizi, miti. Meneja akauliza kama tungeweza kurefusha milingoti badala yake. Nikamwambia mabomba ya kufaa yangetoka Mwanza na yangechukua mwezi. Akasema basi, miti.

Nilikwenda kwa yule mama pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Tulimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Karibuni, kaeni."

Mwenyekiti alimweleza kwa Kisukuma, kirefu, na mimi nikawa nafuata maneno machache. Alipomaliza, mama aliweka ungo chini akanigeukia mimi, siyo mwenyekiti.

"Wewe ndiye mwenye kipimo?"

"Ndiyo, mama."

"Una hakika ni miti?"

"Kipimo kinasema hivyo."

Kipimo hakikuwa kimesema hivyo. Kipimo kilisema moja nukta moja, basi. Habari ya miti niliitoa mwenyewe juu ya tangi la maji.

"Mimi kipimo sikijui," akasema. "Sitaki kuwazuilia watu kazi. Kama chenyewe kimesema, kateni. Lakini mkimaliza mnifungie uzio."

Kampuni ilimpelekea magunia mawili ya mahindi, na alishukuru. Wakaja watu wenye mashoka na trekta moja la kuvuta magogo. Walifungua uzio ili trekta lipite, wakakata njia pana kama barabara kutoka upande mmoja wa ngitili mpaka wa pili. Uzio haukufungwa. Wakataji walisema hiyo siyo kazi yao, mimi nikasema nitamwambia meneja, na sikumbuki kama nilimwambia. Ndani ya wiki moja ng'ombe wa watu wengine walikuwa wanaingia kutwa nzima, na nyasi zilizokuwa zifunguliwe mwezi wa nane ziliisha mwezi wa pili.

Asubuhi iliyofuata baada ya kukata nilichomeka mita. Moja nukta tatu.

Nilikaa na daftari langu zuri nikalisoma kwa mara ya kwanza, maana mpaka hapo nilikuwa nikiliandika tu. Asubuhi ya mvua, moja nukta moja. Alasiri ya jua kali siku hiyo hiyo, moja nukta tisa. Asubuhi tena, chini. Ilikuwa hivyo ukurasa baada ya ukurasa, tangu kabla ya mashoka. Majani hayaoti asubuhi yakapukutika saa tisa. Kilichokuwa kinalowa na kukauka kilikuwa ni kitu changu.

Nikakwea mlingoti. Kwenye kiungio cha waya na antena, pale nilipozungusha utepe mweusi wa kawaida nilioununua dukani Shinyanga mjini, nilikata kwa kisu na maji yakanichuruzikia kiganjani. Shaba ilikuwa imeota ukijani. Mitambo ilikuja na mkanda wake maalumu wa mpira kwa kazi hiyo hiyo. Nilikuwa nimeukata nusu nikazibia bomba la maji lililokuwa linavuja nyumbani kwangu. Nikabadilisha kiungio, nikakifunga kwa nusu iliyobaki, nikateremka. Mbili nukta nne.

Kwenye ripoti niliandika kwamba nguvu ya mawimbi imerudi baada ya kuondoa miti na kuhudumia kiungio. Meneja alinipa mkono. Niliona aibu, na aibu hiyo haikunizuia kuupokea mkono.

Mwezi wa kumi yule mama alipita mbele ya ofisi na ng'ombe wake, akiwapeleka kwa shemeji yake upande wa Geita, kwenye malisho. Nilihesabu wanne, mbavu zikionekana. Watano walikuwa wameuzwa, nilisikia, kwa bei ya ng'ombe waliokonda. Nilitoka nikamsalimia. Aliitikia kama kawaida, akainua macho juu ya mlingoti.

"Na ile mashine yenu," akasema, "sasa inasikia?"

"Inasikia vizuri, mama."

"Haya. Afadhali. Basi miti yangu haikukatwa bure."

Aliningoja niseme kitu. Nikasema, "Kweli, mama, haikukatwa bure," na yeye akawaswaga ng'ombe wake, nami nikaingia ndani kwa sababu ilikuwa karibu saa tisa na nilitakiwa kusoma mita.