Kamera ya Halafihi Msibani

Kuna watu waliozaliwa na mikono miwili wakaitumia, na kuna Halafihi wa visiwa vya Vava'u, aliyezaliwa nayo akaitundika yote kwenye kamera. Kamera yenyewe aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuja kutazama nyangumi akashinda anatapika baharini. Mzungu alipofika nchi kavu hakutaka tena kuona kitu chochote cha kumkumbusha maji, na Halafihi, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga kamba za boti, akawa mrithi. Tangu hapo kamba za boti hazikumwona tena.

Alikwenda nayo shambani, kanisani, hata chooni. Jua lilimchoma uso wote isipokuwa duara moja kuzunguka jicho la kulia, akawa kama mbwa mwenye baka. Mtoto wake wa kwanza, Lopeti, aliota meno yote kabla hajauona uso wa baba yake mzima, na siku alipouona aliangua kilio, akakimbilia kwa mama yake kusema kuna mgeni ndani. Asiyeamini na amuulize mama mwenyewe, Melenaite. Siku jiko liliposhika moto, Melenaite alikuwa anazima peke yake, na mumewe amesimama uani anamwomba asogee kidogo, ndoo inamzibia miali.

Mtu wa namna hiyo utadhani ni mjinga. Wapi! Alikuwa mvivu, na uvivu wake ulikuwa na akili kuliko yeye. Viazi vikuu vikichimbwa, yeye anapiga picha. Nguruwe akikimbizwa, picha. Ukimwita aje ashike ncha ya pili ya gogo, anakwambia mwanga kama huu hautarudi tena, na gogo unalibeba mwenyewe huku unatabasamu. Maana watu nao hupenda sura zao.

Hadi alipokufa shangazi yake, Kalolaine, dada wa baba yake Tomasi.

Hapo hapana mzaha. Shangazi ni mkubwa wako hata ukimzidi umri, na akifa, watoto wa kaka yake ndio watu wa chini kabisa msibani. Wanajifunga mikeka mikuukuu iliyochanika, mikubwa hadi inawafunika kifua, wanakaa nyuma jikoni na moshi, wanachinja, wanamenya, wanapika. Ndani alikolazwa marehemu hawatii mguu, wala uso wake hawautazami. Kichwani pa maiti siku hiyo alikaa Lesieli, ambaye mama yake alikuwa shangazi wa marehemu, kwa hiyo damu yake ilikuwa juu ya damu za wote waliokuwa pale. Mtu wa cheo hicho hana kazi ila kukaa na kupokea mikeka ya heshima, na kitu chochote cha mtu wa chini yake akikipenda, ni chake.

Halafihi aliyajua haya kama anavyolijua jina lake. Lakini alipochungulia jikoni akaona lundo la magimbi, na shimo la kuokea linafuka, na dada zake macho mekundu kama nyanya, alirudi nyuma hatua mbili. Akaanza kufikiri, jambo ambalo hakulizoea. Akajiambia kwamba watu wa chini hawaingii, sawa, lakini mpiga picha si mtu, ni jicho tu. Na zaidi ya hayo alikuwa na sababu. Vaimoana, binti wa marehemu aliyeolewa Auckland, alikuwa amepiga simu jana yake akilia kwamba ndege zimejaa, apigiwe walau picha ya uso wa mama yake. Halafihi alilishika ombi lile kama mtu aliyeokota pasi ya kuingilia mbinguni.

Asubuhi hiyo kaka yake, Siaosi, alimfuata zizini akamweleza habari mpya za huyo Vaimoana. Lakini Halafihi alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, anamvizia nguruwe jike akinyonyesha. Akajibu ndiyo, ndiyo, na hakusikia hata nusu.

Melenaite ndiye aliyemwona akiuacha mkeka uliochanika ukutani na kujifunga ule mzuri wa Jumapili. Akamzuia mlangoni.

"Baba Lopeti, ukiingia mle hujaingia peke yako. Umeingia na dada zako wote, na watoto wangu. Tutasemwa hadi tuzeeke."

"Mimi naenda kikazi, mama."

"Kikazi," Melenaite akasema. "Wewe."

Akampita. Ndani akina mama walikuwa wanaimba, na kadiri alivyozidi kusogea ndivyo wimbo ulivyozidi kupungua, sauti moja moja, hadi akabaki bibi mmoja kiziwi anaendelea na ubeti wake. Halafihi akapiga magoti kwenye mikeka ya heshima, akafumba jicho moja, kamera ikalia.

"Nani huyo aliyejificha nyuma ya hicho kidude?" Lesieli aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Mimi, shangazi. Halafihi."

"Halafihi yupi? Ninayemjua mimi ni mtoto wa Tomasi. Na watoto wa Tomasi wako jikoni."

Akamweleza, kamera bado iko usoni, kwamba leo hakuja kama mtoto wa Tomasi, amekuja kama mpiga picha tu, na si kwa kupenda kwake, katumwa na Vaimoana, maskini, ambaye hatauona tena uso wa mama yake.

"Vaimoana amepata nafasi, yuko angani tangu alfajiri," Lesieli akasema. "Unadhani tunamngoja nani hadi sasa hatujazika? Kaka yako hakukwambia?"

Pembeni mtu alikohoa kile kikohozi cha kumeza kicheko. Halafihi akaishusha kamera. Lile duara jeupe la jichoni lilikuwa limeiva kwa aibu.

Lesieli akanyoosha mkono, akaivuta kamera kwa ukanda wake, na shingo ya mwenye nayo ikaja pamoja nayo. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaifuta kwa kiganja.

"Nzuri," akasema. "Nimeipenda."

Halafihi alifungua mdomo, na wote wakamtazama huo mdomo, maana tangu visiwa hivi vitoke majini hajatokea mtu aliyemjibu hapana mkubwa wa namna ile. Akaufunga. Akauvua ukanda, akaiinua kamera juu kwa mikono miwili, akamshukuru Lesieli kwa kukipenda kitu duni kama kile.

"Sasa umepata mikono," Lesieli akamwambia. "Kuna magimbi."

Akatoka kinyumenyume. Huko jikoni dada zake walikuwa wanamngoja. Mmoja alimrushia mkeka uliochanika, mwingine akamsogezea kisu. Alimenya huku machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Majirani wakasema kumbe alimpenda shangazi yake hivi, na Melenaite, aliyejua machozi yale ni ya nini, akamwongezea magimbi. Magimbi aliyoyamenya yalitoka madogo kama mayai ya kuku. Wakalishwa nguruwe.

Msiba ulipokwisha Lesieli alimkata nywele, kama wanavyokatwa watu wa chini wote. Wenzake walitoka na vichwa vya heshima. Yeye alitoka kama shamba lililoliwa na mbuzi.

Na kamera? Lesieli huivaa kanisani. Hajawahi kuiwasha wala hajui inawashwa wapi. Betri ilishakufa, kifuniko kilishapotea, na kwenye mfuko wa kamera anaweka pipi za kwaya. Ibada ikiisha humwita Halafihi ambebee mikeka hadi nyumbani, na Halafihi hutembea nyuma yake, mzigo kichwani, mikono yote miwili kazini. Jumapili iliyopita Lesieli alisimama akamgeukia, akamuuliza kama inampendeza.

"Inakupendeza sana, shangazi," Halafihi akasema.