Neno la siri la Shangazi

Leo kompyuta imenikatalia mbele ya wateja, kisa herufi moja tu.

Shangazi ana duka la nyavu hapa Mwanza. Kanunua mashine ya kutolea risiti, nikaitwa kuiunganisha na kompyuta yake ya Linux. (Ndiyo, mimi ndiye niliyemwekea Linux badala ya Windows. Msinianze.)

Nikachomeka waya wa USB. Kompyuta ikaiona mashine, ikaomba neno la siri.

"Shangazi, neno la siri?"

Akaniinamia sikioni: "Kalibu."

Nikaandika karibu. Ikakataa.

Nikaanza na herufi kubwa. Ikakataa.

Pembeni kuna mzee anasubiri risiti yake awahi kivuko cha Kamanga. Kila mara anatazama saa. Mimi jasho tu.

"Shangazi, una uhakika?"

Uvumilivu ukamwisha. Duka zima likasikia: "Si nimekwambia KALIBU! Ka-li-bu!"

Ndipo nikaelewa. Aliliandika kama anavyolitamka.

Nikaweka L. Ikafunguka!

Risiti ya kwanza ikatoka, na chini nilikuwa nimeandika "Karibu tena". Shangazi akavaa miwani, akaisoma, akanitazama kwa huruma.

"Umejitahidi mwanangu, ila hapa umekosea herufi."

Mzee akacheka mpaka akasahau kivuko. "Kijana, mpe L yake bwana!"

Ninyi mngebisha?

Neno la siri tumelibadilisha, msijisumbue. Na risiti nayo nimeirekebisha.

Wateja wetu wote, kalibuni tena.