Maneno Niliyomtia Kambo Kinywani

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, jua la saa nne, uwanja wa shule yetu pale Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, umejaa viti vya plastiki vilivyoazimwa parokiani, na miye nimesimama mbele ya wazazi na karatasi mbili mkononi.

Lakini ngoja, Mwanangu Divine, usicheke kwanza. Najua nimekuzidi miaka sita tu, na bado ninavaa sketi ya buluu kama yako. Lakini miye nilipewa jina la Ngoie, mama yake babu yetu, na kwetu jina halibebwi bure. Babu mwenyewe, huyu tunayemwita Kambo, neno letu la babu na la bibi pia, na mvi zake zote ananiita Mama. Baba yako akinijibu vibaya wanamwambia, "Heshimu kambo yako." Basi nyumba nzima ni watoto wangu, na wewe umo. Leo umenunuliwa telefone ya kwanza. Kusema na mdomo siwezi vizuri, unanijua. Ndiyo maana nakuandikia katika daftari hili ambalo huwa simwonyeshi mtu.

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne la sekondari. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Odilon, alikuwa ameomba tableti kwa wafadhili mpaka shule ikapata kumi na mbili. Aliziamini sana. Alituonyesha ramani zinazosogea, na rafiki yangu Béa, ambaye macho yake hayafiki ubaoni, akawa anakuza herufi mpaka zinakuwa kama kisanduku cha kiberiti. Mara ya kwanza Béa kusoma ukurasa mzima peke yake, alicheka kwa sauti darasani. Hilo nililiona kwa macho yangu, kwa hiyo usifikiri nakuandikia ili uzichukie hizo mashine.

Prefe wa shule, mkubwa wetu, yeye hakuziamini hata kidogo. Alizifungia kabatini na ufunguo ukakaa mfukoni mwake pamoja na rozari. "Kitu chenye kujibu haraka hivi," alikuwa anasema, "lazima kiko kinaficha kitu."

Mwalimu Odilon akatupa kazi ya ekspoze, yaani kila mmoja achunguze jambo, aliandike, kisha alisome mbele ya wazazi. Langu lilikuwa hili: rais wetu mmoja wa zamani alituachia nini katika mambo yetu na nchi za nje? Alitupa na masharti. Anza na tableti, upate habari za jumla. Kisha nenda kwa watu watatu walioishi wakati ule, uwaulize, na uandike majina yao.

Watu watatu! Miye ambaye nikitumwa kununua chumvi nasimama kwanza nyuma ya kibanda nikijifunza nitasema nini. Wiki mbili nilipanga kuuliza. Wiki mbili nilikuta sababu. Ijumaa mchana, saa ya somo, kesho yake ndiyo siku yenyewe, nikaiandikia mashine inisaidie, itunge ushuhuda wa wazee watatu wa Lubumbashi. Dakika moja haikuisha, wazee wakaja. Walisema vizuri kuliko wazee wote ninaowajua. Mmoja alisifu urafiki na nchi za mbali. Wa pili alisifu mipaka yenye amani. Wa tatu alisimulia jinsi wageni walivyojenga shule ya ufundi kule Ruashi, madarasa ya matofali, mashine mpya, vijana wakaajiriwa.

Kilichobaki ni majina. Mawili niliyatunga. La tatu, Mwanangu, mkono wangu ukaandika jina la Kambo. Niliona ni jina la heshima, mzee wa reli, nani atamwuliza? Nilisahau kwamba Kambo huja kila mkutano wa wazazi kabla hata ya viti.

Basi nikasoma. Nilisoma mbio, macho chini. Nikakunja karatasi. Halafu mama mmoja wa kitambaa cha kijani akasimama.

"Mwalimu, samahani. Mi ninakaa Ruashi tangu nyumba yetu iko mabati matupu. Ile masomo ya ufundi iko fasi gani? Munionyeshe, nipeleke batoto bangu."

"Labda iko chini ya udongo pamoja na kobalti!" baba mmoja akadakia, na uwanja ukacheka.

Lakini kicheko kilikatika haraka. Mwanaume mwembamba, mwenye shati la mikono mirefu, akanyanyua kidole kwa Mwalimu Odilon.

"Hapana kucheka, bazazi. Hii hapana mambo ya mutoto. Mutoto atatoa wapi maneno makubwa hivi? Huyu mwalimu anatumwa. Anapita mu batoto yetu ju ya kutuimbia rais wa zamani."

"Ni kweli," mwingine akasema. "Nani anamulisha?"

"Na zile tableti, nani alizileta? Sisi tulijiuliza?"

Unaijua nchi yetu. Mtu akimsifu rais, wa zamani au wa sasa, sisi kwanza tunauliza amekula nini. Mwalimu Odilon akanitazama. Alikuwa anangoja niseme neno. Neno moja tu, "ni miye." Nikatazama viatu vyangu.

Mama wa Ruashi, ambaye hakuwa na ubaya, akamgeukia Kambo. "Muzee, mutoto anasema weye njo uliona ile masomo. Uliiona?"

Kambo akasimama polepole na fimbo yake. Nilijua ameelewa yote. Akasema, "Baliniita kuya kusikiliza. Nimesikiliza." Akavaa kofia, akaketi.

Hakunisaliti, hakunisaidia. Alikiacha kitu mahali nilipokiweka, nikiokote mwenyewe. Sikukiokota. Prefe akatangaza kwamba Jumatatu kamati ya wazazi itakaa, na kama Mwalimu ameingiza siasa shuleni, ataondoka, na tableti zake zitaondoka naye.

Jumamosi ile Kambo alikula bukari yake, ugali wetu, bila kunitazama. Niliandika katika daftari kurasa nne za majuto. Angalia ujanja wa moyo: nilipoandika nilijisikia mwepesi, kana kwamba karatasi ilikuwa imekwisha kumwambia prefe.

Jumapili, baada ya misa, Kambo akaniita uani.

"Mama, keti."

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mi niko mufu?"

"Hapana, Kambo."

"Mufu ndiye banamutia maneno mu kinywa, ju hawezi kukataa. Mi niko muzima. Kinywa yangu njo hii. Kutoka fasi unalala mpaka ku kiti yangu, iko hatua ngapi? Ulishindwa kuya kuniuliza?"

"Niliona haya, Kambo."

"Haya ya kuuliza ulikuwa nayo. Haya ya kudanganya bazazi bote, ile ulikosa?"

Nikaanza kulia, na yeye akaacha nilie, hakunibembeleza. Kisha, labda kwa kunihurumia, labda kwa kuniumiza zaidi, akanisimulia kile ambacho angenijibu kama ningemwuliza.

"Mi sikusoma siasa ya inje. Mi nilikuwa ku reli. Mabehewa yalikuwa yanashuka kusini na shaba. Sisi tulikuwa tunangoja yarudi. Yakirudi na unga, tunasema, haya, rais iko na barafiki. Yakirudi matupu, tunajua bakubwa bamekosana, na bamama batalala na njaa kabla rais hajajua. Ule rais alifanya mazuri. Alifanya na mabaya. Kuko siku mupaka ulifunguka, tukaimba. Kuko siku alisafiri, akapigiwa makofi mu mainchi ya bantu, na hapa mahindi ikakosekana. Sasa weye umeniandika kama muntu wa kupiga makofi tu. Sikuwa vile. Na bale benye kupiga makofi tu, Mama, ubatazame muzuri. Iko kitu banangojea."

Divine, nilikuwa nimeishi na mzee huyu tangu kuzaliwa, na sikuwa nimewahi kusikia habari za mabehewa matupu. Ile mashine isingeweza kuzijua, maana hakuna aliyeziandika. Nani angeziandika? Miye ndiye niliyepewa kazi hiyo.

"Kambo, kesho utanisindikiza kwa kamati?"

"Hapana. Muchimba kisima njo anaingia wa kwanza."

Jumatatu niliingia katika ofisi ya prefe bila kuitwa. Ndani kulikuwa prefe, wazazi watano, yule wa shati la mikono mirefu akiwa mmoja wao, na Mwalimu Odilon amesimama karibu na mlango. Vitabu vyake vilikuwa vimo ndani ya mfuko tayari. Hilo ndilo lililonifungua mdomo.

Nikasema. Nilisema ni miye, mashine iliandika, wazee wawili hawajawahi kuwako duniani na wa tatu sikumwuliza, na Mwalimu alikuwa ametuagiza twende kwa watu wenyewe. Nilifikiri nikisema kweli mambo yataisha. Sivyo, Mwanangu. Kweli ikichelewa inafika imechakaa, watu hawaitambui.

"Munaona?" yule baba akasema. "Bamemutuma na huyu. Jumamosi alikuwa bubu, leo anajua kusema. Mwalimu amemufundisha usiku kucha."

"Hapana, baba."

"Onyesha basi."

Hapo nikakumbuka kwamba tableti hutunza kila swali uliloliandika. Nikamwomba prefe afungue kabati. Yeye mwenyewe akaapa kwamba tangu Ijumaa ufunguo haujatoka mfukoni mwake. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba ni mtu asiyemwamini mtu. Nikachukua ile yenye ufa pembeni, nikatafuta, nikampa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu saba:

"Nitungie ushuhuda wa wazee watatu wa Lubumbashi kuhusu rais huyu na nchi za nje. Waseme mambo mazuri. Siwezi kwenda kuwauliza, miye ninaona haya sana kwa watu. Mwalimu asijue."

Natamani ungekuwepo uone namna kuta za ofisi zinavyoweza kukusogelea. Hakuna aliyecheka. Yule baba akaangalia dirishani. Akasema, "Sawa," lakini ilikuwa "sawa" ya mtu ambaye bado anatafuta. Mwezi haukuisha, akamhamisha mtoto wake, na mpaka leo wapo Kamalondo wanaosema mwalimu yule ana bwana wake anayemlisha. Uongo wangu uliondoka miguu yake ikiwa mizima. Kweli yangu inaufuata ikichechemea.

Mwalimu Odilon alibaki. Alitoa vitabu vyake mfukoni, kimoja kimoja, akavipanga mezani. Tulipotoka aliniambia jambo moja tu: "Ngoie, kama ungeniambia unaona haya, tungeenda pamoja kwa wazee." Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia.

Tableti zilifungiwa mpaka mwisho wa muhula. Béa akarudi kuomba wenzake wamsomee ubao, na hakuniuliza kwa nini, kwa sababu alikuwa anajua. Zilipofunguliwa tena, kazi ya kwanza ilikuwa yangu. Niliichukua ile yenye ufa, prefe akanifuata mpaka nyumbani kama askari, nikaiweka mbele ya Kambo, nikarekodi sauti yake. Mara kumi nilirudisha nyuma kusikiliza. Kuna mahali anasema "alifanya na mabaya," halafu ananyamaza muda mrefu kabla ya kuendelea. Uani nilikuwa sikuusikia ule unyamavu. Mashine ndiyo iliyonisikilizisha. Nikaenda kumwuliza alikuwa anafikiri nini pale, na jibu lake, hilo ni lake na langu.

Basi sikiliza, Mwanangu. Telefone yako itakufundisha hesabu, itakukuzia herufi, itakuletea nchi ambazo Kambo hakuzifikia. Ichukue, jifunze, usione vibaya. Lakini ikikujibu, iulize, nani aliona? Kama hakuna mtu mwenye jina na mlango wa kubishwa hodi, hilo neno liache nje kwanza. Na mtu akikusifia rais, au akimtukana, bila kukuonyesha behewa moja lililorudi limejaa au tupu, mshuku pia, hata akiwa amevaa koti. Akili za kuambiwa changanya na zako, walisema waliotutangulia. Usimtie mzee maneno kinywani wakati masikio yako hujayatumia. Na haya, haya hii tuliyozaliwa nayo wewe na miye, usiifanye mwavuli. Mwenye haya anaweza kumwacha mtu mwema afukuzwe kazi, hivi hivi, kwa kutazama viatu tu. Kuuliza si ujinga. Kunyamaza wakati mwingine ni wizi. Na ukikosa, maana utakosa, sema siku ile ile, kabla kweli haijachakaa.

Mungu akutangulie njiani, asubuhi ukienda na mchana ukirudi. Akupe walimu wenye subira na wenzako wasiokusengenya. Akufungue mdomo siku ambayo mtu mwingine ataumia kwa ukimya wako. Enda, mtoto wangu, na miguu yako iwe myepesi.