Hadithi ya Mchana

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimpeleka shangazi yangu kwenye chuo kikuu cha Westville, nilikokuwa nasoma. Mwandishi mgeni, mama mmoja kutoka visiwa vya Karibi, alikuwa ametuambia darasani kwamba vitabu vyake vyote vilianzia jikoni, kwa wanawake waliomsimulia hadithi. Nami nikajigamba kwamba hata kwetu yupo wa namna hiyo.

Shangazi akaketi mbele ya darasa, akalitazama jua dirishani.

"Siwezi," akaninong'oneza. "Ukisimulia hadithi mchana unaota pembe kichwani."

Nilikasirika. Njia nzima kutoka kwetu Bluff aliongea kwenye teksi bila kupumzika, na mwiko huo hakuutaja. Nikamtafsiria mgeni huku uso unaniwaka, nikingoja darasa licheke.

Mgeni hakucheka. Aliinuka, akafunga mapazia yote, akazima taa, akaketi sakafuni.

"Bibi yangu alisema ukisimulia mchana mama yako anakufa," alisema.

Nilipomtafsiria shangazi maneno hayo, akalegeza mtandio wake, nami nikashusha pumzi. Lakini kabla hajaanza aliniinamia sikioni.

"Muulize kwanza, huyo bibi yake ni wa kwetu upande gani?"