Viti vya Nyuma ya Pazia

Kila kitivo cha sanaa na sayansi kinapotangaza mhadhara wa wazi, ofisi humwagiza mama wa ukumbi apange viti mia. Yeye huitikia, "Sawa," kisha hupanga ishirini. Vingine huvificha nyuma ya pazia, na watu wakizidi huvitoa viwili viwili, akinyata na raba zake, ili anayezungumza asione kiti kitupu. Kila kiti hukipapasa mgongoni, kama anayebembeleza mtoto. Anayekaa mbali humwambia, "Sogea mbele, baba. Huko nyuma umeficha nini?"

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, wakaja watu watatu tu, mmoja wao akikimbia kulowa. Kabla msemaji hajaingia, mama aliondoa viti kumi na sita. Akavua aproni, akakalia kile cha nne. Akaingia mhadhiri kijana, ambaye hajawahi kuhutubia watu, karatasi mkononi. Alizungumza saa nzima kuhusu mchwa, macho hayabanduki kwenye karatasi. Alipouliza kama kuna swali, watu wakatazama birika la chai pembeni. Mama naye alijua chai inapoa. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hao mchwa, nani huwaambia pa kuanzia?"

Kijana akaziweka karatasi chini, akamtazama.

"Hakuna, mama. Kila mmoja akiona pengo, analiziba tu."

"Ehee," mama akasema, akijiweka sawa kitini. "Hebu eleza vizuri. Chai tutaipasha."