Springi za Nyuma

Watu wakisikia fundi wa magari wanadhani kazi yangu ni mikono. Mikono inakuja mwisho. Kazi yenyewe ni ubishi. Mteja anakuja na lake alilolisikia mtaani, unambishia mpaka ananyamaza, ndipo unafungua boneti. Nimebisha hapa Same miaka mingi, kwenye gereji yangu kando ya barabara kuu, na sikuwahi kuona haya. Si tunasemwa sisi Wapare, kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku? Basi mimi kesi yangu ya kuku niliishinda. Naieleza kwa sababu nyumbani hakuna anayeniuliza.

Baba yangu alikuwa mkulima wa tangawizi Bombo, juu milimani. Mtu wa kilo tisini. Kilo hizo nazijua kwa sababu kila msimu wanunuzi walipoleta mzani, wazee walikuwa na mchezo wa kupanda wao kwanza kabla ya magunia. Baba alikuwa akishuka pale anajipiga kifua: "Gunia zima hilo, na halina hata kipande kilichooza!" Watu wanacheka, kazi inaanza.

Mwaka aliougua hakupanda mzani. Alisema mgongo unamvuta. Tulifikiri ni jembe, kumbe ni tezi dume, na ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye uti wa mgongo. Daktari akataka kila baada ya wiki mbili ashuke hospitali ya rufaa, Moshi, akachomwe dawa. Kulala Moshi baba hakutaka hata kusikia. "Nitapataje usingizi mahali nisiposikia maji ya mfereji wangu?" Basi ikawa kwenda na kurudi, kutoka Bombo mpaka Maore, Kisiwani, Same, halafu lami hadi Moshi, na jioni njia ile ile.

Gari yetu nyumbani hatukuwa nayo. Mdogo wangu, anayefanya kazi Dar, alikuwa na gari ya michezo, milango minne, imekaa chini mpaka bampa linataka kulamba lami. Akaja nayo mwenyewe mpaka gereji, akanitupia ufunguo. "Kaka, mimi mjini napanda bodaboda. Inyanyue, umbebe mzee." Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Gari ile inatoka kiwandani na injini za aina tatu: ndogo ya cc elfu moja na mia tano, ya elfu mbili ya kawaida, na ya elfu mbili yenye tabo, ile feni ya kuiongezea injini nguvu. Ukizitazama kwa nje ni mapacha. Tofauti iko chini. Injini ya tabo ni nzito na ina fujo, kwa hiyo springi zake ni nene na shokapu zake ni ngumu. Ukiifungia za injini ndogo, pua inalala na kila jiwe linagonga. Ya mdogo wangu ilikuwa ya tabo. Nikapanda basi hadi Moshi kwa muuza spea, akanitandikia chini seti zote tatu za kunyanyua, nami nikachuchumaa kuzikagua moja moja, raha tupu.

Nikampigia mdogo wangu simu nikiwa pale pale dukani. Akasema, "Kaka, mbele weka za tabo, sawa. Lakini nyuma weka za injini ndogo, zile laini. Nyuma hakuna injini. Nyuma kuna baba."

Nilicheka. Muuza spea naye akacheka, na hicho ndicho kilichonipa kichwa. "Seti haivunjwi, dogo," nikamwambia. "Ukichanganya springi gari inayumba, tutaishia korongoni. Wewe endelea na kompyuta zako." Aliongea dakika tano, mimi nikaongea kumi. Mwishoni akasema, "Haya bwana, fundi ni wewe." Nikasikia utamu, sifichi.

Nilifunga seti nzima ya tabo, mbele na nyuma. Halafu, kwa kuwa mimi si fundi wa kubahatisha, nikaijaribu. Nilipakia kiti cha nyuma kilo tisini za tangawizi badala ya baba, na gunia jingine dogo badala ya mama, nikayafunga mkanda, na mbele ya magunia nikaweka ndoo ya maji. Nikapanda nayo hadi Bombo. Ndoo haikumwaga maji hata kidogo. Niliingia uani nikipiga honi, nikamwonyesha baba ndoo, akatikisa kichwa na kusema Mungu amenipa mikono.

Tukaanza safari. Mama anakaa nyuma, baba amejilaza ameweka kichwa mapajani mwake, mimi nipo kwenye usukani. Tunasali kabla ya kuondoka, kisha naanza kuongea. Ee Mungu, nilivyoongea! Nilimweleza baba springi inavyojikunja, shokapu inavyoizuia isirudi kwa hasira, kwa nini tabo inataka chuma kinene. Kila tukifika kwenye changarawe mbovu ya Kisiwani namuuliza, "Baba, unaona inavyotulia?" Naye anajibu, "Gari nzuri, mwanangu. Ubarikiwe." Kwetu mzee akisaidiwa na mtoto halalamiki, anashukuru. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilimuuliza yeye, nikaamini jibu lake, nikaenda kujisifu nalo gereji.

Safari ya tatu, muuguzi alimpandisha kwenye mzani kabla ya dawa. "Hamsini na mbili, babu," akasema taratibu. Nilitoka nje nikasimama ukutani nikalia. Nililia kama mtoto wake. Kama fundi sikusikia kitu.

Zilikuwa zimebaki sindano mbili. Nikapanda Bombo asubuhi kumchukua, nikamkuta amekaa kitandani, vifungo vya shati viko wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Zima gari, mwanangu. Mimi sishuki tena."

Nikabisha. Nilimbishia baba yangu mgonjwa, nimesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nikamwambia daktari ameona nafuu, nikamwambia kukata tamaa ni dhambi, nikapandisha sauti mpaka mama akaniambia nyamaza. Baba alisubiri nimalize. "Dawa siikatai," akasema. "Nikatae nini, ikiwa naweza kuchomwa hapa hapa?" Kisha akageukia ukuta.

Nilishuka peke yangu, na maneno yale yakawa yananikwaruza njia nzima. Kama haikatai dawa, anakataa nini? Nilipofika gereji nikampa fundi mwenzangu ufunguo, nikamwambia anipeleke upande wa Kisiwani. Mimi nikaingia nyuma, nikajilaza kama baba alivyokuwa anajilaza. Kwenye kiti kile sikuwahi kukaa hata siku moja.

Lami iliisha, na sikumaliza dakika kumi. Gari ilikuwa inanirusha na kunipokea, inanirusha na kunipokea, na kila ikinipokea ilinigonga pale pale, kwenye uti wa mgongo. Nikauma ulimi. Nikapiga kelele asimame. Nikashuka nikakaa kwenye vumbi, na ndipo ile hamsini na mbili ikanifikia. Springi nene inataka uzito. Bila uzito haijikunji, inapiga. Mimi nilikuwa nimemfungia gari mtu wa kilo tisini, na mtu huyo hakuwepo tena. Kila safari alipungua, na kila safari chuma kilizidi kuwa kigumu kwake. Mgongo wangu mzima haukustahimili dakika kumi. Wake ulikuwa umeoza ndani, na alikwenda Moshi na kurudi.

Nilitafuta springi za nyuma za injini ndogo siku hiyo hiyo, nikazifunga kabla ya jua kuzama. Kazi ya saa moja na nusu! Gari haikuyumba. Mdogo wangu alikuwa amesema kweli, na fundi yeyote asiye na kiburi angeliona hilo bila kuambiwa. Kesho yake nilipanda Bombo na gari imelainika, nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia baba. Nikamkuta miguu imekufa ganzi. Tulijaribu kumwinua, mimi na jirani, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Tukamrudisha kitandani. Hakuinuka tena, na mwezi haukuisha tukamzika nyuma ya nyumba, juu ya shamba lake.

Watu wa msiba walipotawanyika nilimkuta mama anachambua maharage ya makande. Nikakaa karibu naye, nikamuuliza, "Mama, alikuwa anaumia kule nyuma?"

Hakuinua kichwa. "Nilikuwa namkunjia kanga aiume. Alisema usiambiwe."

"Na wewe ukanyamaza? Mama! Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu tu!"

Akaacha maharage. "Siku moja nilitaka kukuambia. Tulikuwa tumefika Lembeni, kwenye yale matuta ya lami. Nikakuangalia kwenye kioo, unamweleza habari za springi zako, umefurahi. Nikasema moyoni, nikimwambia huyu, atafanyaje?" Akanitazama. "Haya, ungefanyaje, mwanangu?"

Nilifungua mdomo niseme ningesimamisha gari pale pale. Mama alikuwa anasubiri, naye amenizaa, ananijua. Ningembishia. Ningemwambia springi hazina kosa, barabara ndiyo mbovu, na ningegeuka kumuuliza baba. Na baba angeitoa ile kanga mdomoni, aniunge mkono.